Msitufungie mlango mdogo wa WordPress

Juzi usiku nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye duka la leso Biashara Street, na nilivyoisikia sauti yake tu nikajua kuna jambo. "Mwanangu, oda za Diani zaingia lakini pesa ya kupeleka mzigo hailipwi, na wala sioni mteja anakaa wapi." Nikamwambia tulia mamangu, kesho asubuhi naja.

Kufika pale, kompyuta iko katikati ya mabunda ya leso, nafungua naona balaa. Jamaa aliyemtengenezea tovuti mwanzo kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, aliingia ndani kabisa ya faili za WooCommerce, plagini ya duka, yaani kiongezi kinachoipa tovuti uwezo wa kuuza, akaandika mambo yake humo humo: ada ya mzigo wa ng'ambo ya feri, na ile sehemu ya mteja kueleza yuko karibu na nini, manake Mombasa hii nani anayetumia namba ya nyumba, watu husema nyuma ya msikiti, geti la buluu. Mama akabonyeza kitufe cha kuapdeti, faili mpya zikaja zikakalia za zamani, kazi yote ya yule bwana ikaenda na maji. Na mama hana kosa hata kidogo, kuapdeti ni lazima, tovuti isiyoapdetiwa ni nyumba isiyo na komeo.

Hili linaniuma kwa sababu dawa yake iko tangu zamani. WordPress ilitoka 2003, na tangu toleo la 1.2 la 2004 ina njia ya kuongeza mambo yako bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Wenzangu wa kazi huziita huki, mie naziita ndoano. Programu inapofanya kazi yake kuna mahali chungu nzima inasimama na kuuliza, kuna mwenye lake hapa? Kama umetundika fanksheni yako, kipande cha msimbo chenye kazi yake, kwenye ndoano ya mahali hapo, itaitwa. Ziko aina mbili, ekshen inakwambia wakati umefika fanya lako, filta inakupa kitu mkononi ukigeuze kisha ukirudishe. Basi, ukishayaelewa hayo umeingia ndani.

Kwa duka la mama niliandika plagini ndogo, faili moja tu ya PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress. Ada nikaitundika kwenye ndoano ya woocommerce_cart_calculate_fees, pale duka linapohesabu ada za kapu, kwamba mji ukiwa ng'ambo ya Likoni ongeza kiasi fulani. Ile sehemu ya alama ya kufikia nikaipitisha kwenye filta ya woocommerce_checkout_fields. Nikaiwasha, halafu makusudi kabisa nikaipakia upya plagini nzima ya duka mama akiwa ananitazama, na ada ikabaki pale pale. Akanimiminia kahawa.

Nna kijana wa Tudor namfundisha jioni. Siku yake ya kwanza na filta akasahau kuandika return mwishoni, fomu ya malipo sehemu zote za kujaza zikatoweka, akakaa nayo tangu magharibi mpaka isha imepita ndo akanipigia. Nikamwambia filta ni amana, umepewa kitu cha watu mkononi usipokirudisha wenzako watakuta patupu. Hajasahau tena. Namba ya zamu unayoipa fanksheni unapoitundika, ambayo usipoandika inakuwa 10, nilimweleza kwa foleni, namba ndogo inatangulia, na wawili wakiwa na namba moja basi aliyejiandikisha mwanzo ndo anapita mwanzo. Na haya yote aliyajua kwa laptopu ya kuazima na bando la siku moja, hakushusha kitu kingine chochote, kaandika faili, kahifadhi, kafungua ukurasa, kaona.

Sasa hofu yangu iko hapa. Tangu toleo la 5.0, Desemba 2018, mambo yamehamia kwenye bloku, vipande vya ukurasa kama aya au picha unavyovipanga mwenyewe. Mie sipingi bloku, mama mwenyewe anapanga picha za leso zake bila kuniita na hilo ni jambo kubwa. Lakini developa anayetaka kutengeneza bloku yake anaambiwa kwanza aweke Node, programu ya kuendeshea JavaScript kwenye kompyuta, halafu npm ya kushushia vifurushi vya msimbo, halafu ajifunze React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, halafu msimbo upite hatua ya kujengwa, yaani kugeuzwa uwe ule kivinjari kinaouelewa, kabla haujafanya kazi, na folda ya node_modules, vinapowekwa vifurushi hivyo, peke yake ina maelfu ya faili, yule kijana wangu bando lingekata kabla hajaandika herufi moja. Njia rahisi ipo, unaweza kuandika bloku kwa wp.element.createElement bila kujenga chochote, nimefanya na inakubali. Ila mafunzo mengi hayaanzii hapo, mpaka uitafute mwenyewe, na mwanafunzi hawezi kutafuta kitu asichojua kama kipo. Hata ukurasa wa malipo wa bloku hauisikilizi ile filta niliyoitaja, una utaratibu wake mwingine, kwa hivyo la mama nimeliacha kwenye shortkodi ya zamani, ile alama fupi unayoiandika kwenye ukurasa na WordPress ikaweka fomu mahali pake.

Wanaoandika mafunzo nawaomba kwa moyo wote, mfano wa kwanza uwe faili moja inayofanya kazi, hizo npm zije baadaye kwa anayezihitaji, kwa sababu ukurasa wa kwanza ndo unaoamua nani anaingia na nani anarudi nyumbani. Na sisi wa huku tuyaandike kwa Kiswahili, mie nshaanza na ndoano kumi ninazotumia kila siku.

Mama naye ameleta jipya, anataka mteja akiagiza doti aandike pale pale kwenye bidhaa jina la leso analolitaka. Kazi hiyo nimempa kijana wa Tudor. Jana kaniandikia kwamba amechagua woocommerce_before_add_to_cart_button, ndoano iliyo kabla tu ya kitufe cha kuweka bidhaa kapuni, sikumwambia mie, kaipata mwenyewe kwa kusoma faili za plagini.