Unamficha Nani Posti Yako?

Rafiki yangu mmoja alitaka kuweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Kabla ya kuiweka aliingia kwenye mipangilio akawatoa watu watatu: bosi wake, shangazi yake na mtu waliyeachana naye. Kisha akaposti, roho imetulia. Saa moja haikuisha, shangazi akapiga simu. Kumbe binamu alikuwa ameketi pembeni yake, simu iko mkononi, akamwonyesha. Programu haikukosea hata kidogo. Iliagizwa isimwonyeshe shangazi na haikumwonyesha. Aliyeonyesha ni binamu, na tabia ya binamu haimo kwenye mipangilio ya simu yoyote.

Visa vya namna hii ndivyo vinavyowapa nguvu wanaosema kwamba kuchagua nani aone posti zako ni kujidanganya mchana kweupe. Hutaki watu wajue? Usiposti. Basi. Wenzao wanajibu kwamba hakuna binadamu anayezungumza na watu wote kwa sauti moja, na anayekupa chaguo mbili tu, kunyamaza au kutangaza, hajui watu wanavyoishi. Nimewahi kuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na sasa nadhani wanabishania vitu viwili tofauti: wale wanazungumzia siri, hawa wanazungumzia adabu.

Nianze na adabu, maana ndiyo inayodharauliwa. Utani wenu wa shuleni huwezi kuusema mbele ya wakwe, na hakuna anayekuita mnafiki kwa hilo. Facebook ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Harvard, watu wa rika moja wanaoelewana mafumbo. Septemba 2006 mlango ukafunguliwa kwa yeyote aliyetimiza miaka 13 na mwenye barua pepe. Wazazi, walimu, waajiri na mahasidi wakaingia sebule ileile. Watafiti Alice Marwick na danah boyd, katika makala yao ya 2011 kuhusu watumiaji wa Twitter, waliizungumzia hali hii kama kuporomoka kwa miktadha: hadhira ambazo zamani zisingekutana sasa zimekaa benchi moja, na msemaji hajui amgeukie nani. Kuchagua watazamaji ni jaribio la kusimamisha tena kuta zilizoanguka. Sioni aibu yoyote hapo.

Kazi iko kwenye kuzitunza hizo kuta. Mwaka 2011 Google ilijenga mtandao mzima juu ya wazo hili, Google+: kila unayemjua unamtia kwenye mduara wake, wa familia huku, wa kazini kule. Ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, baada ya kampuni yenyewe kukiri kwamba asilimia 90 ya nyakati watu walizoufungua hawakumaliza hata sekunde tano. Mengi yaliuangusha mtandao ule na miduara peke yake haistahili kubebeshwa lawama, lakini kilichoshika kwingine ni kitu chepesi zaidi: orodha moja tu, kama ile ya marafiki wa karibu iliyoletwa na Instagram mwishoni mwa 2018, yenye duara la kijani. Orodha moja mtu anaiweza. Kumi hazitunziki, kwa sababu mahusiano hutembea na orodha hukaa palepale. Juzi nilifungua ya kwangu nikakuta watu wawili ambao hatusalimiani tena wamekuwa wakiona kila kitu changu, na rafiki ninayezungumza naye kila siku hayumo.

Halafu kuna njia mbili za kuchagua, zinazofanana kwa juu juu tu. Moja inasema waone wote isipokuwa hawa. Nyingine inasema waone hawa tu. Wengi huchukua ya kwanza kwa kuwa haina kazi: unatoa watatu, umemaliza. Tundu lake ni kwamba kila namba mpya unayohifadhi inaingia yenyewe, pamoja na ile ya bosi aliyebadilisha laini. Ya pili ukiisahau, hasara yake ni kwamba mtu mwema amekosa picha. Tena kwenye WhatsApp, kubadilisha mipangilio hakugusi stetasi ambayo imeshatoka. Ukikumbuka baada ya kuposti, kilichobaki ni kuifuta na kuomba isiwe imeonwa. Na wapo wanaolinda posti zao kwa bidii wakasahau maoni. Ukiandika chini ya posti ya mwenzako kwenye Facebook, anayeamua nani asome maneno yako ni yeye, na kama posti yake iko wazi kwa dunia, umeongea na dunia.

Kwenye siri, nakiri wapinzani wana haki, tena kuliko wanavyojua. Hatujui hata idadi ya wanaotutazama. Utafiti wa watu wa Stanford na Facebook uliochapishwa 2013, ulioangalia watumiaji wapatao 220,000, ulikuta kwamba watu hukisia hadhira yao kuwa asilimia 27 tu ya ilivyo kweli. Yaani anayedhani ameonwa na watu 27 ameonwa na 100. Na hao ni marafiki, hatujawagusa wapita njia.

Isitoshe, mlango wenyewe si wako. Desemba 2009 Facebook ilibadilisha mipangilio yake, na baadhi ya mambo ambayo watu walikuwa wameyafunga, ikiwemo orodha ya marafiki, yakawa wazi. Suala hilo na mengine yaliishia kwenye mapatano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani mwaka 2011. Mei 2018 hitilafu iliwawekea watumiaji milioni 14 chaguo la watu wote kwenye posti mpya, kwa siku kadhaa, bila wao kuagiza. Mwaka 2024 X, yaani Twitter ya zamani, ikaamua kwamba uliyembloku anaweza kuendelea kusoma posti zako zilizo wazi. Unalala na kanuni hii, unaamka na nyingine, na hakuna aliyekugongea kukuuliza.

Na siri ya mtungi aijuaye kata. Shangazi unaweza kumficha, kampuni huifichi. Ilipobainika 2018 kwamba Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa siasa, ilikuwa imepata data za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 kupitia programu ya maswali ya tabia, waliokuwa wameiingiza programu hiyo kwa hiari yao walikuwa 270,000 hivi. Wengine wote kosa lao lilikuwa kuwa na rafiki. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya New York, katika kesi ya mwanamke aliyeanguka kutoka kwenye farasi akadai fidia, ilisema kwamba posti kufungwa kwa marafiki si sababu ya kuikinga isidaiwe kama ushahidi.

Kinachonisumbua zaidi kuliko hayo yote ni utafiti mwingine wa 2013, wa Carnegie Mellon, uliowafuatilia watumiaji zaidi ya 5,000 wa Facebook kuanzia 2005 hadi 2011. Kwa sehemu kubwa ya muda huo watu walizidi kupunguza walichowaonyesha wasiowajua. Vizuri. Lakini papo hapo waliongeza walichowaonyesha marafiki, na hivyo kampuni na watangazaji wakapata zaidi. Kadiri pazia lilivyokuwa zito ndivyo watu walivyojiachia nyuma yake. Hapo ndipo nikaanza kushuku ule utulivu wa roho anaoupata mtu baada ya kuwatoa watatu na kubonyeza tuma.

Kwa hiyo mimi naichagua hadhira yangu, ila naichagua kwa ajili ya adabu. Vichekesho vya kazini havina haja ya kumfikia bosi. Akivipata, tutaona haya wote wawili na siku itapita. Kwa jambo ambalo likivuja mtu atapoteza kazi, au mwenzi wa zamani mwenye vitisho atajua aliko, pazia hilo silitegemei. Huyo wa mwisho ana rafiki mnayemjua wote wawili, au ana akaunti ya pili yenye picha ya ua, na skrinshoti haimuombi mtu ruhusa. Kumbloku ni lazima, lakini hakutoshi. Picha inayoonyesha ulipo ingoje mpaka uwe umeshaondoka.

Ipo gharama nyingine ambayo pande zote mbili huipita haraka: yule aliyefichwa naye ana moyo. Kutokuwa miongoni mwa watu kumi waliochaguliwa hakumuumizi mtu, maana walioachwa ni wengi. Kuwa mmoja wa watatu walioondolewa ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa hapo mtu alilitafuta jina lako, akaliona, akalitia alama. Orodha ndogo ya walioingizwa husema nani yuko karibu. Orodha ndogo ya waliotolewa husema nani hatakiwi, na ikijulikana haielezeki kirahisi.

Nilimuuliza yule rafiki yangu shangazi alisema nini siku ile, nikidhani alikasirishwa na picha. Picha hata hakuitaja. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"