Maji Yaliyogoma Kupwa

Mimi mzaliwa wa Pangani, na mtu wa Pangani haambiwi habari za maji. Ndiyo maana dada aliponipeleka bandarini Bristol, Uingereza, tukapande boti ya kutembezwa mjini, nilitoa simu kwanza nikasoma majira ya maji ya Avonmouth, pale mto Avon unapoingilia baharini. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa kupita kawaida! Maji yamejaa saa mbili asubuhi, yatapwa hadi saa nane mchana, tofauti mita 12 na ushei. Kwetu bamvua ikishusha mita 4 tu, akina mama wanaokota pweza mpaka vikapu vinajaa.

"Hatupandi," nikasema. Ilikuwa saa nne. "Maji yanatoka. Boti hizi zitalala ubavu topeni, na sisi ndani."

Mpwa wangu wa miaka tisa akainua kidole. "Mjomba, mwalimu wetu alisema…"

"Mwalimu wako kavua wapi?"

Akanyamaza.

Nikaazima rangi ya mdomo ya dada, nikashuka ngazi ya mawe ya gati, nikachora mstari mwekundu pale maji yalipogusa. Nikaonja kidole: hayana chumvi. Mvuvi mwenye akili angeshtuka hapo hapo. Mimi nikasema ni mvua ya Ulaya.

Tukakaa karibu na zile winchi nne kubwa mbele ya jumba la makumbusho la M Shed. Saa tano, maji yako kwenye mstari. Saa sita, yako kwenye mstari. Boti za manjano na buluu zinapita zimejaa watu, wanatupungia mikono. Nami nawaonea huruma. Upepo ulikuwa ule usiopita pembeni, unapita katikati ya mifupa. Andazi zikaisha, kisha chai ya chupa, kisha uvumilivu wa dada.

Saa saba na nusu nahodha mmoja akafunga kamba karibu yetu, akauliza kama kuna mtu tunamsubiri.

"Tunasubiri maji yapwe."

Akatazama maji. Akanitazama mimi. Akatazama ule mstari mwekundu. "Basi umechelewa, bwana. Hapa yaliacha kupwa mwaka 1809."

Mpwa wangu hakungoja ruhusa tena. Zamani, akaeleza, meli zilikaa topeni mara mbili kwa siku, na iliyosheheni mzigo mbao zake ziliachana. Kati ya 1804 na 1809 mhandisi William Jessop akauziba mto kwa malango, meli zikawa zinaingia na kutoka kwa kufunguliwa, na ndani maji yakabaki kimo kimoja. Mto wenyewe ukachimbiwa njia nyingine ya kupitia.

"Iko wapi hiyo njia?"

"Nyuma yako, Mjomba. Mwendo wa dakika tano."

Tukaenda. Wallahi, kuta za tope za kahawia, linang'aa kama mgongo wa kambare, na chini kabisa kijito chembamba. Maji yangu yote yalikuwa yametokea huku, kwa saa ile ile niliyosema! Nilipiga picha tatu. Dada hakutaka kuziona.

Mwisho tukapanda boti, tukashukia kwenye SS Great Britain, meli ya chuma iliyoshushwa majini 1843, ikaishia kutelekezwa visiwa vya Falkland, ikarudishwa mwaka 1970 kwenye gudi ile ile ilimoundwa. Nikaiona imekaa vizuri, mawimbi madogo yanacheza ubavuni. Hapo heshima ikanirudia kidogo.

"Mnaona inavyoelea? Nusu mita zaidi ya shehena na ingekuwa hatari."

Mpwa akanishika mkono, akanishusha ngazi. Tukafika chini ya meli, tumesimama pakavu kabisa, usukani na rafadha mbele yetu. Nikainua macho. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na dari la kioo, na juu ya kioo, maji yamemwagwa kidogo tu, ya kulowesha kifundo cha mguu.

"Mjomba," akasema taratibu, "nikuletee ile rangi ya mdomo?"