Usikubali kuchaguliwa bastola na muuzaji

Bastola yangu ya kwanza sikuichagua mimi, alinichagulia muuzaji. Niliingia duka moja hapa Houston, jina silitaji, ilikuwa mchana nimeamka baada ya shifti ya usiku, nikamwambia nataka silaha ya kujilinda, basi hata hakuniuliza nafanya kazi gani, nakaa na nani, nina watoto au sina, aliangalia viganja vyangu tu akafungua kabati la kioo akanitolea karivolva kadogo, yaani bastola ambayo risasi zinakaa kwenye silinda inayozunguka, mshikio wa pinki, risasi 5, kaliba (unene wa risasi) ya .38, akasema hii ndo ya akina dada, nyepesi, inakaa kwenye mkoba, wala huhitaji kujifunza chochote we unavuta tu. Nikalipa. Mi nimekulia Tanga, bunduki nilizowahi kuziona kwa karibu ni gobole la jirani yetu la kufukuzia nguruwe shambani na SMG ya polisi pale benki, sasa mtu wa dukani akinieleza habari za bastola nitambishia kwa lipi.

Wiki hiyo hiyo nikaenda renji, kule wanakofanyia mazoezi ya shabaha. Risasi ya kwanza nilidhani imenivunja kiganja. Ile rivolva ina gramu mia nne na kidogo tu, na hapa ndipo akina dada wengi tunapodanganywa, maana bastola ikiwa nyepesi halafu risasi ni ile ile, teke lote linakuja mkononi kwako, uzito wa chuma ndo unaolimeza lile teke, kwa hiyo hiyo inayoitwa ya mwanamke ndo inayopiga teke baya kuliko ile kubwa ya mwanaume wa pembeni yako. Triga yake, kile cha kuvuta kwa kidole, nayo ni nzito, kama kilo 5 kwenda juu, kidole kinavuta mpaka mkono mzima unatetemeka na mtutu unahama. Nilipiga 20. Kwenye karatasi zilionekana 6, na umbali ulikuwa yadi 7, yaani urefu wa sebule tu. Ngozi ya kati ya dole gumba na shahada ikachunika, nikaenda kazini usiku ule nimefunga plasta, nageuza wagonjwa kitandani huku nauma meno. Nikaitia kwenye droo, ikakaa humo miezi 11 sijaigusa.

Nilipoanza kutembea nayo tena ilikuwa sababu ya paking ya kazini, wanaofanya shifti za kuingia saa 5 usiku wanaijua hiyo paking, taa moja inawaka mbili zimekufa. Siku moja nikasimama sheli kuweka mafuta, saa 4 na nusu usiku, jamaa mmoja akazunguka gari yangu mara mbili hasemi kitu, nikaingia ndani nikafunga milango nikaondoka, gari yake ikanifuata, nikakata kulia ikakata kulia, nikakata kushoto nayo hiyo. Nikaenda moja kwa moja mpaka kituo cha zimamoto kilichokuwa jirani, taa zinawaka kama mchana, nikasimama pale mlangoni. Akapita taratibu akaenda zake. Hakuna kilichotokea, namshukuru Mungu, ila nilipokaa pale nasubiri moyo utulie nikawaza bastola iko wapi? Iko ndani ya mkoba, chini ya hotpoti ya chakula, chini ya kanga ninayojifunika usiku, zipu imefungwa, mkoba uko siti ya nyuma. Na hata ningeifikia, silaha ambayo nimepiga risasi 20 maisha yangu yote na 14 zilikosa karatasi, ningefanya nayo nini usiku, mikono inatetemeka, nyuma ya huyo mtu kuna sheli yenye watu na mafuta?

Ndo maana dada zangu wakinipigia, na wananipigia kweli, "ninunue ipi?", huwa nauliza kwanza: una shilingi ngapi za mazoezi? Kama una dola 700 usimalizie zote kwenye chuma. Bastola ya dola 400 na risasi za kujifunzia ni bora mara kumi kuliko bastola ya dola 700 iliyolala droo.

Na kabla ya kununua, kodisha. Renji nyingi hapa wanakodisha, unalipa hela kidogo unajaribu tatu nne mchana mmoja. Usisikilize mume, usisikilize muuzaji, usinisikilize hata mimi, sikiliza mkono. Shika mshikio juu kabisa, halafu weka kidole kwenye triga uone pedi ya kidole inafika bila kupindisha kiganja. Kama hukifikishi bastola ni nene kwako. Halafu vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kuingiza risasi, rivolva haina. Wengi wanasema mi slaidi siwezi nipe rivolva, na mimi nilisema hivyo hivyo, kumbe tatizo halikuwa nguvu. Mkufunzi wangu, mama mmoja mtu mzima kuliko mimi, alinishika mikono akanionyesha: usibane slaidi kwa ncha za vidole viwili kama unafungua kisoda, ishike kwa kiganja kizima juu, isogeze karibu na kifua, mtutu ukiangalia mbele kwenye shabaha, kisha slaidi ikae palepale na wewe usukume bastola yenyewe kwenda mbele kwa mkono wa kulia kama unasukuma mlango. Ikafunguka. Nilicheka kwa furaha mle renji watu wakageuka.

Mi niliishia kwenye Glock 19, ya 9mm, inabeba risasi 15, ni nzito kuliko ile ya pinki na ndo hiyo hiyo sababu inatulia mkononi, triga yake kama kilo 2 na nusu. Haina kitufe cha sefti cha kubonyeza ili isipige, sefti zake ziko ndani na kwenye triga yenyewe, kwa hiyo sefti ya kwanza ni kidole chako, kikae nje ya triga mpaka umeamua kabisa kupiga. Rafiki yangu ambaye viungo vya mikono vimeshachoka kwa kunyanyua wagonjwa miaka 15 alichukua Smith & Wesson Shield EZ, ilitengenezwa makusudi slaidi iwe laini, inabeba risasi 8, na anapiga vizuri kuliko mimi. Sasa nani kakosea? Hakuna.

Mazoezi yenyewe. Risasi ni ghali, wenzangu mliokuwepo 2020 na 2021 mnakumbuka maboksi yalivyopotea madukani, lakini mazoezi mengi hayahitaji hata risasi moja. Jioni kabla ya shifti natoa magazini, kile kisanduku cha risasi kwenye mshikio, naangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho, naingiza na kidole, naangalia tena, risasi zote naziacha chumba kingine, halafu nachagua sehemu ya ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, nalenga, navuta triga polepole, naangalia kama kile kinundu cha mbele cha kulengea kimeyumba. Dakika 10. Mara tatu kwa wiki. Nikimaliza nasema kwa sauti nimemaliza, na hapo ndo nafungia, maana ajali inatokea mtu akishamaliza, akarudisha risasi, halafu akasema ngoja nivute ya mwisho.

Renji naenda mara moja kwa mwezi na boksi moja la risasi 50, za kawaida za bei rahisi. Nachanganya na risasi bandia mbili tatu kwenye magazini bila kujua ziko wapi, hiyo ndo dawa ya woga, kwa sababu ukifika kwenye ile bandia haipigi, halafu unaona kwa macho yako mwenyewe mtutu umeinama chini, mkono ulishaanza kuogopa kelele kabla ya kelele. Mi nilikuwa nainama vibaya sana. Na hizo bandia zinakufundisha na bastola ikikwama: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, endelea. Masikio vaa kinga mbili, za ndani na za juu, mlio unafika kama desibeli 160 na ndani ya renji kuta zinaurudisha. Ukitoka nawa mikono kabla hujagusa mtoto au chakula, zile risasi zina madini ya risasi, ile lead yenye sumu.

Texas tangu Septemba 1, 2021 ukiwa na miaka 21 na sheria haikuzuii kumiliki, unaweza kubeba bastola bila leseni, na watu wakafurahi wakaacha kozi ya leseni. Mi nakwambia kafanye. Mtihani wake ni risasi 50: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15, jumla alama 250, unatakiwa upate 175. Sio mgumu. Lakini kama huwezi kupata 175 mbele ya karatasi iliyosimama, mchana, hakuna anayekukimbilia, basi umeshajijua, na bora ujijulie pale kuliko paking. Na darasani ndo utaambiwa wapi huruhusiwi. Mfano sisi: hospitali na nyumba za wazee zenye leseni sheria hairuhusu kuingia na silaha mpaka uwe na ruhusa ya maandishi, kwa hiyo yangu inabaki kwenye gari, ndani ya boksi la chuma lililofungwa kwa waya kwenye chuma cha siti, sio kwenye dashibodi, vioo vinavunjwa hapa kila usiku na bastola iliyoibwa itaenda kumuua mtu mwingine.

Mkoba sitaki hata kuusikia tena. Desemba 2014 kule Idaho, ndani ya Walmart, mtoto wa miaka 2 amekaa kwenye toroli alifungua mkoba wa mama yake akatoa bastola ikalia, mama akafa palepale. Mama huyo alikuwa na kibali chake. Nunua holista, yaani ala ya bastola, ngumu inayofunika triga yote, iwe mwilini kwako, uzoee kuivaa na nguo zako. Mi nimebadilisha suruali za kazi kwa sababu hiyo, zile za kamba kiunoni zinateremka.

Sasa wahamiaji wenzangu, hapa naomba msome mara mbili. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi hapa kudumu, anaruhusiwa kununua, mwenye visa ya mwanafunzi au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola wala risasi, vighairi ni vichache, na hata hiyo ya kukodi renji muulize wakili kwanza. Dukani utajaza fomu 4473, inauliza uraia wako, inauliza bangi, inauliza kesi za ugomvi wa nyumbani. Usidanganye hata kidogo na usimnunulie mtu mwingine asiyeruhusiwa hata akiwa shemeji yako wa kutoka kijiji kimoja. Ni kosa la serikali kuu, na kwetu sisi sio jela tu, mtu unaweza kupandishwa ndege.

Nyumbani nina binti wa miaka 8. Bastola ikiwa haipo kiunoni iko kwenye sefu ya kufungua kwa alama ya kidole, pembeni ya kitanda. Sheria ya Texas inakushtaki ukiacha silaha yenye risasi bila kuifungia na mtoto chini ya miaka 17 akaifikia, lakini hata isingekuwepo hiyo sheria. Mwanangu nimemuonyesha, nimemwambia ukiiona kokote, hata kwa rafiki yako, usiguse, toka chumbani, mwite mtu mzima. Na apatimenti zetu hizi kuta ni jipsamu, risasi inapita ukuta, inapita wa pili, jirani yangu ni familia ya Wakongo wana watoto wanne na kitanda chao kiko upande wa pili wa sebule yangu. Nimejua kona gani ya chumba naweza kulenga na kona gani kamwe. Kwa kujilinda natumia zile risasi zenye tundu mbele, zinafunguka zikigonga mwili na hazipenyi sana kama zile za mazoezi, ila ukuta bado zinapita, usidanganyike.

Kuna lingine watu hawapendi tuliseme. Nchi hii zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki wanajiua wenyewe. Upweke wa huku tunaujua, miezi ya Januari, simu za nyumbani zinaomba hela na wewe huna. Nimekubaliana na yule rafiki yangu wa Shield EZ, mmoja wetu akiona giza anampelekea mwenzake sefu nzima, haulizwi kitu, anapikiwa chai. Mwaka jana yeye aliniletea kwa wiki tano. Alichukua yake Machi, siku hiyo tukaenda renji pamoja.

Ile rivolva ya pinki nimeiuza duka jingine, wakanipa chini ya nusu ya bei niliyonunulia. Hela yote nikanunua risasi za 9mm. Zimebaki boksi mbili.