Abatasepti katika upandikizaji wa uloto: inafaa kwa nani?

Seli T (askari wa kinga) za mchangiaji uloto zikiingia kwa mgonjwa, zinaweza kuushambulia mwili wake; ugonjwa huo huitwa GVHD. Lakini kutambua tishu ngeni pekee hakuzitoshi kushambulia. Zinangoja ishara ya pili: CD28 yao, kipokezi kilicho juu ya seli T, ishikane na CD80 au CD86 zilizo juu ya seli zinazowaonyesha tishu hizo. Abatasepti, dawa ya kupoza kinga, huwahi kuzishika CD80 na CD86, na ngozi, utumbo na ini, vinavyolengwa na GVHD, hupata nafuu.

Desemba 2021 Marekani iliidhinisha itumike kuzuia GVHD pamoja na methotreksati na takrolimasi au siklosporini, nazo za kupoza kinga, pale mchangiaji si ndugu na HLA (alama za utambulisho wa tishu) zinalingana zote au zinapishana moja. Kuanzia miaka 6, dozi ni miligramu 10 kwa kilo, isizidi 1,000: siku moja kabla ya kupandikiza, kisha siku ya 5, ya 14 na ya 28, kwa dripu ya dakika 60. Bomba la sindano liwe lisilo na silikoni. Silikoni huweza kutoa chembe ndani ya dawa, nayo ikishakuwa hivyo ni ya kumwagwa.

Jaribio la ABA2 ndilo lililobeba hoja. Kwa waliopishana HLA moja, GVHD kali, ya daraja la 3 na 4, hadi siku ya 100 iliwapata asilimia 2.3, dhidi ya 30.2 kwenye rejista ya wagonjwa wasiopewa abatasepti. Ni pengo kubwa mno, ingawa wagonjwa walikuwa 43 na hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Waliolingana kikamilifu waligawanywa hivyo, wakapata 6.8 dhidi ya 14.8 kwa waliopewa dawa bandia, hapo takwimu hazikuondoa shaka.

Saratani ya damu, iliyofanya wapandikizwe, kurudi kwake hakukuongezeka, na hilo ni jambo kubwa. Lakini GVHD sugu, inayokuja miezi baadaye, dozi nne hazikuipunguza. Tena seli T za kutuliza kinga nazo huitegemea CD28, na breki ya CTLA-4 hushika CD80 na CD86 zilezile, kwa hiyo dawa huziba kichocheo na breki pamoja.

Sayklofosfamidi, dawa nyingine ya kuzuia GVHD inayotolewa siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikiza, ni mshindani wa kweli, hasa HLA zikipishana zaidi.

Kwa aliyepishana moja, naiunga mkono bila kusita. Kwa aliyelingana, nauliza kwanza kama kituo kinaweza kufuatilia CMV na EBV, virusi vinavyoweza kuamka kinga ikipozwa, kwa miezi 6, na kutoa dawa za kuzuia EBV muda huohuo. Kisipoweza, isianzishwe.