Keneli Iliyomkonyeza Mama wa Bibi Harusi

Kosa lilianza na majigambo yangu. Mama mmoja wa hapa Makole alileta memori kadi yenye picha za harusi ya binti yake nimhamishie. Wiki hiyo nilikuwa nimechokonoa draiva ya kisoma kadi (programu inayokiendesha) kwa mkono wangu, basi kichwa kimevimba. Nikamwambia, "Mama, mashine hii unachomoa muda wowote, haina shida."

Nilichoongeza kwenye draiva kilikuwa kakazi kadogo tu. Kila milisekunde 500 kanaamka ndani ya keneli (kiini cha Linux, mfumo unaoendesha mashine), kanawasha au kuzima taa ndogo ya kisoma kadi, kisha kanajipanga tena foleni. Urembo mtupu, wala hakuna aliyeuomba.

Kunakili kulipoonyesha asilimia 100, mama akachomoa kisoma kadi kama anayeng'oa karanga Kongwa. Skrini ikaganda. Taa ya Caps Lock ikaanza kupepesa.

"Mwanangu, mbona inanikonyeza?"

"Shikamoo mama," nikajibu. Tulikwisha kuamkiana asubuhi, lakini sikuwa na neno jingine.

Linux ikipepesa taa hiyo, keneli imekata roho. Nikawasha upya: picha 4 za mwisho zina baiti 0. Asilimia 100 ile ilikuwa ya kwenye skrini. Data hukaa kwanza kwenye RAM, na `dirty_expire_centisecs`, kipimo cha muda huo, kwa kawaida ni 3000 za sehemu ya mia ya sekunde, yaani data inaweza kusubiri sekunde 30 kabla haijahesabiwa kuwa imekaa mno na kusukumwa kwenye diski. Na `sync`, amri ya kuisukuma diskini papo hapo, sikuandika. Salama yangu ni kwamba kadi niliifungua kwa `mount -o ro`, ya kusoma tu, kwa hiyo yenyewe haikuguswa. Nikanakili tena, mama akaondoka huku akiiangalia ile taa kwa mashaka.

Sasa ushahidi. Maneno ya mwisho ya keneli hayakufika kwenye diski, yalikufa nayo. Nikaunganisha laptopu ya kijana wangu kwa kebo ya mtandao, nikawasha netconsole, inayotuma maneno ya keneli kwa mtandao, yeye akasikiliza kwa `nc -u -l 6666`. Kebo, jamani, msihangaike na Wi-Fi kwa kazi hii. Kisha nikaongeza `slub_debug=P` kwenye mstari wa amri za kuwashia keneli, ili kila kumbukumbu inayoachiwa ijazwe baiti 6b. Atakayeigusa baada ya hapo anaacha alama.

Nikachomoa mara 12. Kimya! Mkono wa fundi una adabu mno. Nikaacha kuchomoa, nikaandika kitanzi cha kuandika kwenye `unbind` ya draiva, inayoitenganisha na kifaa bila kuchomoa, na kuviunganisha tena, na ndani ya kakazi kangu nikaweka `msleep(200)`, usingizi wa milisekunde 200, ili upenyo wa ajali uwe mpana. Mzunguko wa tatu:

`general protection fault, probably for non-canonical address 0x6b6b6b6b6b6b6b6b`

Kijana akafungua `man ascii`. Akanyamaza. Kisha: "Fundi, 6b ni herufi k. Imeandika kkkkkkkk. Inakucheka."

`scripts/faddr2line`, inayogeuza anwani ya ajali kuwa mstari wa kodi, ikanipeleka hadi kwenye mstari wenyewe, na mstari ulikuwa wangu. Kifaa kinapoondoka nilikuwa naita `cancel_delayed_work` ya kufuta kakazi kale, halafu `kfree` ya kuachia kumbukumbu yake. Ile ya kwanza humtoa aliye kwenye foleni tu. Kama kazi imeshaanza, inaiacha iendelee na wewe unaenda zako. Ni sawa na kubomoa bafu bila kubisha hodi, na mtu yumo ndani kajipaka sabuni. Inayotakiwa ni `cancel_delayed_work_sync`: hii husubiri kazi iishe, na haiiruhusu ijipange tena. Iitwe kabla ya `kfree`, na usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi hiyo hiyo inalisubiri, maana mtasubiriana hadi zabibu ziive.

Herufi nne na kistari cha chini. Nikatoa ile `msleep`, nikaendesha mizunguko 300, netconsole haikusema neno.

Wiki iliyofuata mama akarudi na picha za send-off. Safari hii nikaandika `sync`, nikafanya `umount` ya kuifunga kadi, nikamwambia, "Chomoa, mama." Akakunja mkono wa kitenge, akaangalia mlango uko wapi, akachomoa. Mashine ikatulia tuli. Akainama, akaikazia macho Caps Lock.

"Leo haikonyezi?"

"Haikonyezi, mama."

"Ah," akasema, kama aliyenyimwa kitu. "Na mimi nimekuja na shoga yangu aione."