Ondoeni bafle mlangoni, wekeni spika nne darini

Jioni, kwenye barabara za mitaa ya Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi, butiki nyingi huweka bafle (boksi la spika) kubwa mlangoni likitazama nje. Barabara nzima inasikia, lakini mteja aliye ndani lazima apige kelele ili aulize bei. Kama lengo ni kuita wapita njia, sawa. Ila kwa saluni, famasi au mgahawa mdogo unaotaka mteja akae na kusikilizana na mwenzake, naona pesa ya bafle moja la wati 500 ni heri inunue spika nne za dari, ampli ndogo (kikuza sauti) na waya wa maana.

Swali la kwanza dukani huwa ni wati ngapi, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Spika ya dari ya kawaida, ya inchi 6 na nusu, hutoa karibu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 88 kwa wati 1 ukiisikiliza kutoka mita 1. Dari likiwa mita 3 juu, na sikio la aliyeketi likiwa mita 1.2 kutoka sakafuni, kati yao kuna mita 1.8. Kwa umbali huo sauti hupungua desibeli 5 hivi, zikabaki 83. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu wako karibu na desibeli 60. Kwa hiyo hata wati moja inazidi mahitaji ya muziki wa chini chini. Kinachokosekana katika maduka yetu ni mtawanyo. Sauti ikitoka pembe moja, wa karibu anaumia masikio na wa mbali hasikii kitu.

Spika inayotawanya sauti kwa nyuzi 90 hufunika, kwa umbali ule wa mita 1.8, duara la kipenyo cha mita 3.6. Chumba cha mita 6 kwa 7 kinatoshwa na nne: mita 3 kati ya spika na spika kwa upana, mita 3.5 kwa urefu, na nusu ya vipimo hivyo kutoka ukutani. Dari likiwa chini zaidi, duara linapungua na spika zinaongezeka. Wengi hudhani ni kinyume.

Kuhusu kuunganisha, ampli ya nyumbani ndiyo hufa haraka. Spika nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa zote sambamba hufanya omu 2, na ampli nyingi za nyumbani haziwezi kubeba mzigo huo. Zinapata moto, zinajizima, mwishowe zinaungua. Chukua ampli ya laini ya volti 100, inayopeleka sauti kwa volti ya juu, na spika zenye transfoma ya kuishusha volti hiyo. Hapo unajumlisha wati tu: spika nne zikiwekwa kwenye wati 6 kila moja ni 24. Ampli ya wati 60 usiipakie zaidi ya wati 48, yaani asilimia 80, kwa hiyo bado una nafasi ya spika nne nyingine ukipanua duka. Ile iliyo juu ya kaunta iteremshe hadi wati 3 ili anayelipa asikilizane na mhudumu. Jihadhari na kitu kimoja: spika hizi nyingi zina kiswichi cha kuzungusha cha kuchagua wati, chenye pia nafasi ya omu 8 isiyopitia transfoma. Spika moja tu ikisahaulika hapo, inavuta nguvu yote ya laini, ampli inajikata, na fundi anahangaika siku nzima akitafuta kosa kwenye waya.

Waya wenyewe ni aibu ya mji wetu. Tunakaa juu ya shaba, mkoa mzima uliwahi kuitwa Shaba, lakini sokoni tunauziwa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hiyo huzuia umeme mara moja na nusu zaidi ya shaba, na hukatika upesi kwenye skrubu. Kwa laini ya volti 100 katika duka dogo, shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha kabisa. Ipitishe sentimita 30 mbali na nyaya za umeme, na zikilazimika kukutana, zivuke kwa msalaba. Uweke kwenye bomba la plastiki, kwa sababu panya wa darini hawachagui.

Dari la tripleksi (plaiwudi) jembamba au la vipande vya PVC halibebi spika peke yake. Litapinda, kisha litatetemeka kila besi ikigonga. Weka ubao au pete ya chuma upande wa juu, kata tundu kwa kufuata karatasi ya kipimo iliyo ndani ya boksi, kisha funga kila spika kwa kamba ya chuma kwenye mbao za paa. Nunua zenye kopo la nyuma, kwani chini ya mabati kuna vumbi na matone. Mvua ikianza kupiga mabati, usipandishe sauti kushindana nayo. Hutashinda.

Weka ampli katika mono, yaani spika zote zitoe sauti ileile. Kwenye stereo, meza moja itasikia gitaa na nyingine itabaki na sauti ya mwimbaji. Angalia pia chanya na hasi ziwe sawa kwenye kila spika. Ukisimama katikati ya spika mbili na besi ikapotea, moja imegeuzwa. Besi iliyo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) ikate, maana huilemea transfoma ndogo na kuleta mkwaruzo ambao watu huulaumu kwenye spika.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukirudi baada ya kukatika, unaweza kurudi kwa kishindo. Ampli ikae nyuma ya stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme) yenye kuchelewesha dakika chache, na simu au redio inayocheza muziki ichomekwe kwenye soketi hiyohiyo ili usipate mvumo. Ukitumia jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uwashe ampli. Wakati wa kuzima, ampli itangulie.