Dakika 16 za Duel

Jumamosi, 13 Novemba 1971, televisheni ya ABC ya Marekani ilirusha Duel, filamu ya dakika 74 kuhusu mfanyabiashara, gari lake dogo jekundu na lori la mafuta linalotaka kumuua. Muda uliotengwa ulikuwa dakika 90. Zile 16 zilizobaki zilikuwa za matangazo ya biashara na mambo mengine ya kituo. Baadaye kampuni ya filamu ya Universal ilipoamua kuipeleka Duel kwenye majumba ya sinema ya Ulaya, dakika 74 zilionekana chache kwa mtu aliyelipa kiingilio. Mwongozaji wake kijana, Steven Spielberg, akarudi barabarani, akapiga vipande vipya mpaka filamu ikafikia dakika 90. Kwa maneno mengine, Ulaya iliongezewa hadithi pale pale Marekani ilipowekewa matangazo.

Tangu hapo mashabiki hawajapatana kuhusu toleo lipi ndilo Duel yenyewe. Wanaotetea lile refu wana hoja nzito: ndilo lililoshinda tuzo kuu ya tamasha la Avoriaz, Ufaransa, mwaka 1973, na ndilo lililolifanya jina la Spielberg lijulikane nje ya nchi yake. Wanaotetea lile fupi husema tu kwamba limebanwa, halina kilichozidi. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu filamu nyingi fupi hazina lolote. Ubora wa lile fupi uko kwingine: linajua kidogo kuhusu mhusika wake, na kuhusu lori linajua kidogo zaidi.

Kwanza tuangalie ilivyotengenezwa, maana uhaba ndio uliounda mtindo. Richard Matheson aliandika hadithi fupi iliyochapishwa Aprili 1971, kisha akaigeuza mwenyewe kuwa mswada wa filamu. Spielberg, akiwa na miaka 24, alipangiwa siku 10 za kupiga picha. Zikafika 13 hivi. Studio ingependa sehemu ya kazi ifanyike ndani, gari limesimama na barabara ikipita kwenye skrini nyuma ya mwigizaji. Njia hiyo ni rahisi, lakini hujisaliti: mwanga usoni haubadiliki gari linapokata kona, na usukani huzungushwa bila uzito. Spielberg akasisitiza kwenda kwenye barabara za kweli kaskazini mwa Los Angeles, upande wa Soledad Canyon na Acton.

Muda ulipatikana kwa ujanja. Badala ya kutegemea mswada peke yake, alichorewa ramani ndefu ya njia nzima kama inavyoonekana kutoka angani, kila tukio na mahali pake. Kamera kadhaa zilipangwa kando ya kipande kimoja cha barabara. Magari yakipita mara moja, picha kadhaa zimepatikana. Kisha kamera zinageuzwa, magari yanarudi kutoka upande wa pili, na mtazamaji anadhani hiyo ni barabara nyingine. Kasi nayo ni ya macho zaidi kuliko ya magurudumu. Kamera ikishushwa karibu na lami, na ukuta wa mwamba ukiwa jirani, hata mwendo wa wastani huonekana wa kufa mtu. Mahali penye uwanda mtupu hila hiyo hufa, kwa kuwa hakuna kitu cha karibu cha kupitwa.

Lori lenyewe ni Peterbilt 281 la mwaka 1955: boneti ndefu, kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, taa za duara. Lina uso. Dereva wake, aliyeigizwa na Carey Loftin, haonekani isipokuwa mkono na buti. Kwenye bampa kuna vibao vya namba vya majimbo mbalimbali, na watazamaji wengi huvisoma kama kumbukumbu za watu aliowamaliza. Anayejua malori ya enzi hizo anaweza kupinga: lori la masafa marefu lililazimika kubeba vibao vya majimbo kadhaa kihalali. Filamu haisemi ni kipi kati ya hivyo viwili, na inafaa isiseme.

Sasa tuje kwenye nyongeza. Ziko nne: gari kutoka gereji na kupita mjini mwanzoni, simu kwa mke, basi la shule, na njia ya reli. Ya kwanza haina ubaya; inamtoa mtu kwenye msongamano wa mji hadi upweke, hatua kwa hatua. Ya reli, ambapo lori linalisukuma gari dogo kuelekea treni ya mizigo inayopita, ni kazi safi ya mikono. Ukiikata, filamu haipotezi maana, ukiibakiza, haipungukiwi.

Basi ndilo lenye utata. David Mann, yule mfanyabiashara (anaigizwa na Dennis Weaver), anajaribu kulisukuma basi lililokwama, bampa la gari lake linanasa chini ya basi, watoto wanapanda juu ya boneti, na lori linatokea. Mann anapokimbia, lori linalisukuma basi taratibu mpaka linatembea. Mtetezi atasema hapo ndipo tunapopata uhakika kwamba shabaha ni Mann peke yake. Ni kweli, na hapo hapo ndipo kosa lilipo. Kabla ya basi, lori lilikuwa hatari isiyo na sababu. Baada ya basi lina tabia, lina mzaha, linachagua. Ni hatua ndogo tu kutoka hapo hadi mtu kuuliza dereva ni nani na ana kinyongo gani.

Simu kwa mke imeharibu zaidi, ingawa ni fupi na imeigizwa vizuri. Humo tunajua kwamba jana yake mwanamume mwingine alimsumbua mke kwenye sherehe na Mann hakufanya kitu. Ghafla mkimbizano una somo: mwanamume dhaifu anatafuta uanaume wake. Wapo wanaoona hilo limeipa filamu uzito. Huko Roma waandishi wa habari walimbana Spielberg akiri kwamba filamu ni vita vya matabaka, mwenye tai dhidi ya mfanyakazi wa lori, naye akakataa. Mkahawa wa kwenye filamu, uliojaa madereva wanaomkodolea Mann macho, unawapa waandishi haki kiasi. Lakini Mann waliyemjadili Ulaya, mwenye aibu ya nyumbani, hakuwa Mann aliyeonekana Marekani mwaka 1971. Yule wa Marekani alikuwa na mpira wa rejeta uliochakaa tu.

Na mpira huo unatosha. Mapema, mhudumu wa kituo cha mafuta anamwambia unahitaji kubadilishwa; Mann anapuuza. Mwishoni, kwenye mlima, unapasuka, injini inachemka, mwendo unashuka, lori linakaribia.

Kasoro moja imo kwenye matoleo yote mawili: sauti ya mawazo ya Mann, hasa mkahawani, inayoeleza kile ambacho uso wa Weaver umeshasema. Kwa televisheni inaeleweka, mtazamaji huenda yuko jikoni akisikia bila kuona. Gizani sinema, inachosha.

Kuhusu mwisho, ABC ilitaka lori lilipuke. Spielberg hakutaka, na katika hili alikuwa sahihi, ingawa malalamiko yana mantiki: tangi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mzigo unashika moto, kisha haliwaki. Kinachowaka ni gari la Mann, ambalo amelielekeza kwenye lori baada ya kubana kanyagio la mafuta kwa mkoba wake. Lori linaanguka korongoni polepole, likinguruma kama mnyama, na halikuwa na mrudio: lilikuwa moja, likavunjika. Mlipuko ungemaliza kila kitu kwa sekunde tatu.

Mwenye toleo refu anaweza kujipimia. Aruke simu ya mke, kisha atokapo Mann mkahawani aruke basi. Treni aitazame akipenda.